Mpango wa Masomo Unaohama na Mtoto

Wiki hii nilialikwa katika kituo kimoja cha kulelea watoto, hapa Kasenga, kusaidia kuchagua programu ya kompyuta ya kupanga masomo yao. Pale kituoni mtoto hukaa mkutanoni anapozungumziwa, kwa hiyo binti mmoja wa darasa la sita aliketi kati yetu. Muuzaji alituonyesha michoro ya rangi, na mama mlezi akawa anaitikia kwa kichwa.

Binti akanyoosha kidole, akamgeukia muuzaji. "Papa, miye narudi kwa shangazi, kule Lubarika. Masomo yangu yenye iko humu itanifwata?"

"Hapana," muuzaji akajibu. "Mtoto akitoka, dosie yake, lile faili la masomo, inafungwa."

"Wakati nilikuja huku walinirudisha mu darasa ya tatu, juu ya kukosa karatasi za masomo. Kule tena watanirudisha?"

Muuzaji akabaki anafuta kioo cha kompyuta kwa kiganja. Mama mlezi akamvuta binti kwake, akicheka. "Weye, umetuokoa! Papa, hii hatuichukui. Utuletee yenye itaenda na mutoto."

Miaka mingi nimefundisha watoto kujibu maswali. Huyu ameuliza, nami nikarudi nyumbani kifua mbele, kana kwamba ni mimi niliyemfundisha.