Walikandika Kanisa Jioni, Likabomolewa Asubuhi

Saa kumi na mbili asubuhi, Eulalia Kuusaana amepiga magoti uani mwa jirani, kijijini Zopuri, kaskazini mwa Ghana, anakandika ukuta kwa viganja. Udongo umekorogwa kwa maji ya maganda ya matunda ya mti wa dawadawa yaliyochemshwa. Mvua haiuwezi.

"Ukuta unaupapasa kama mgongo wa mtoto," anasema. "Ukiufanyia hasira, utakuumbua."

Kwa nyumba za watu hulipwa debe la mtama. Kwa kigango cha Zopuri, kanisa dogo la udongo alilolikandika kila kiangazi tangu akiwa mwali, hakuwahi kuomba hata kibuyu cha pombe.

Kigango hicho leo ni kifusi.

Ilikuwa kuelekea sikukuu ya somo wa kanisa. Wanawake walikandika kutwa. Jioni Paroko, Padri Gervase Bayor, akapita na pikipiki, akashuka, akaegemeza mkono ukutani, udongo ungali mbichi.

"Mmefanya vizuri, akina mama," akawaambia. "Mungu awalipe."

Asubuhi likaja tingatinga.

"Nikajua limepotea," anasimulia Eulalia. "Nikamwelekeza dereva barabara ya lami. Kijana wa watu akaniangalia, akasema, 'Mama, nimetumwa hapa hapa.'"

Alikwenda parokiani kwa miguu, udongo ukimkaukia mikononi.

"Baba, jana ulijua?"

"Nilijua. Tunajenga la matofali."

"Na ukatuacha tukandike?"

"Ningesema, mngelia. Halmashauri yenu ya walei hushauri tu, Mama Eulalia. Haiamui."

"Sasa hata huo ushauri, Baba, tuliombwa lini?"

Padri akatazama saa yake.

Zopuri hakibomolewi hata kibanda cha kuku kabla ya kuitwa mwanamke aliyekikandika, aje abandue kipande cha kwanza. Padri Gervase analijua hilo. Ni mtoto wa hapo hapo. Jiko la marehemu mama yake lilipovunjwa, aliyeitwa kubandua ni huyu huyu Eulalia.

Na tusijifanye tumesahau. Mwaka wa ukame, padri wa wakati ule alipokimbilia mjini, nani alibatiza watoto mahututi? Nani alizika? Katekista na wanawake hawa. Siku zile hakuna aliyewakumbusha kwamba wao ni wa kushauri tu.

Sasa walei wa Zopuri wanataka jambo moja: kisijengwe wala kisivunjwe kitu bila kura yao. Askofu akija kutoa kipaimara, Eulalia ndiye atakayesimama mbele yake.

"Si ulimwelekeza dereva njia?" anamtania shoga yake, Perpetua, akimmiminia maji. "Mwelekeze na Askofu."

"Huyo naye asije akaniambia katumwa."

Wanacheka.

Ndani kwake, juu ya mtungi, kuna bonge la udongo aliloliokota kifusini. Limekauka likiwa na alama ya kiganja kipana, vidole vyote vitano. Si cha mwanamke yeyote wa Zopuri.

"Nitamwekea Askofu mezani," anasema. "Kanisa sihami, ni langu. Nataka tu aulize huo mkono ni wa nani, na uliwekwa lini."

Anachota udongo mwingine, anarudi ukutani.