Vidukari wa Kalunde Hawataki Kunde

Asubuhi, Matinyani, Oktoba 1987. Kalunde Mutunga anavua leso yake mlangoni, anavaa koti jeupe la kazi na kuingia kwenye nyumba ya wavu. Hadi jioni hatazungumza na mtu, ila leo nipo mimi, mwandishi.

Kazi yake ni kufuga vidukari wa utafiti, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea. Huwahamisha kwa brashi laini kutoka mtama uliochoka hadi mtama mchanga. Watafiti huja mara moja kwa mwezi, huangalia, huondoka.

"Hawa huzaa bila dume," anasema mjane huyu wa miaka arobaini na sita. "Mmoja ukimwacha peke yake, baada ya wiki hayuko peke yake tena. Mimi je?"

Anacheka, lakini ana uchungu. Mwaka jana vidukari weusi walimaliza kunde za kijiji. Kasyoka Nzuki, kiongozi wa mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana kwa zamu, akamkataza Kalunde kukanyaga shamba la mtu. Zamu ya kulimiwa Kalunde ilipofika, hakuna aliyekuja. Tuta moja la shamba lake limebomoka na mvua ziko karibu. Likienda la pili, udongo wote utaishia mtoni.

"Mdudu ni mdudu," Kasyoka aliniambia. "Mtu analipwa kufuga hizo wadudu, halafu aje kwa kunde yangu? Apana."

Simlaumu sana. Hata mimi nilijikung'uta nilipotoka kwenye ule wavu.

Lakini kidukari ana mmea wake. Wale wa Kalunde ni wa manjano, wamezoea mtama kizazi baada ya kizazi. Ukiwaweka kwenye kunde hutangatanga, huonja, kisha hufa njaa. Wale weusi wa kunde nao mtama hawautaki.

Ili watu waamini, Kalunde amepanda kunde mlangoni kwake, anapopita kila jioni akitoka kazini. Zimenawiri vizuri. Jumapili, nje ya kanisa, alimwomba Kasyoka apite azione.

"Akasema, 'Tutaona, mama Ndeti.' Hiyo si apana," anasema Kalunde.

Kwa hiyo Jumamosi, siku aliyopanga kulichimba upya lile tuta, atapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, sufuria nzima, kama mwenye shamba anavyowapikia mwethya. Hakuna aliyeahidi kuja.

"Wakikuja, wakute chakula iko tayari," anasema, akiinamia mtama wake. "Wasipokuja, nitachimba peke yangu na hiyo muthokoi nitaikula mpaka Jumatano. Halafu Jumamosi ingine nipike tena."