Futi Sita na Stesheni ya Mwisho

Pale yadini hakuna aliyelijua jina lake halisi, labda karani wa mishahara. Wote walimwita Futi Sita, na hata hapo walikuwa wamempunja, maana alizidi inchi mbili. Alikuwa ameuza magari ya mitumba kwenye yadi ile kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka yote hiyo aliyauza kwa mtindo wake peke yake. Wauzaji vijana waliucheka mtindo huo, kisha wakajaribu kuuiga, wakashindwa kwa sababu ya vimo vyao.

Mtindo wenyewe ulikuwa hivi. Mteja akija kuangalia stesheni wagoni, yale magari marefu ya chini ambayo buti limeungana na viti vya nyuma, Futi Sita hakupoteza muda na habari za injini. Aliuliza tu, "Unabeba nini?" Mteja akishajibu kwamba anabeba mbao, au spika za kwaya, au watoto watano na begi zao, Futi Sita alilaza viti, akatandika blanketi lake la kijivu, akavua viatu na kuingia butini. Huko alijilaza chali, miguu kainyoosha, mikono kaikunja kifuani.

"Nimeenea?" aliuliza akiwa mle mle.

"Umeenea."

"Basi na mzigo wako utaenea."

Watu walivunjika mbavu kwa kicheko, na wakishacheka walinunua. Kuna familia zilizonunua stesheni tatu mfululizo kwake, na watoto wao walikua wakimjua kama yule mzee anayelala kwenye magari. Siku hizo yadi ilikuwa na mistari minne ya stesheni, na yeye alitembea katikati yake kifua mbele.

Halafu yakaingia magari ya juu. Mnayajua, yale yenye uso mpana na magurudumu makubwa, yanayokaa juu juu hata kwenye lami safi, na mwenye gari hajawahi kukanyaga tope tangu alinunue. Kila mtu akayataka. Mhasibu anayebeba mkoba na chupa ya maji akalitaka, na bibi arusi naye akalitaka. Mwaka wa kwanza yakachukua mstari mmoja, mwaka wa tatu mitatu, na mwisho stesheni zikasukumwa mpaka kwenye kona ya choo. Futi Sita aliyachukia hadharani. Alisema ukiyashusha chini utakuta ni stesheni iliyokatwa buti. Hapo alikuwa anatia chumvi, lakini nani angebishana na mtu wa urefu ule?

Basi ikabaki stesheni moja, ya kijani, imekaa miezi kumi na moja bila mtu wa kuigusa isipokuwa yeye mwenyewe, aliyeipangusa kila asubuhi.

Jumatatu bosi alimfuata pale konani. Bosi alikuwa binti wa marehemu mwenye yadi, na kwa kuwa marehemu na Futi Sita walikuwa wameishi kama ndugu, alimwita baba mdogo hata mbele ya wateja.

"Baba mdogo, sitaki kukuudhi," alisema. "Jumamosi saa nane mchana wanakuja watu wa vipuri. Wanalichukua hili."

"Kulifanya nini?"

"Unajua wanachofanya."

Alijua. Wangelikatakata, mlango uende huku na taa ziende kule. Gari zima, linalowaka kwa mguso mmoja! Alimsihi, akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alirudishwa kutoka hospitali alikozaliwa ndani ya stesheni. Bosi alicheka lakini hakulegea.

"Ukiliuza kabla ya saa nane Jumamosi, nitawapigia simu wasije. Zaidi ya hapo sina la kufanya."

Wiki ile Futi Sita alifanya kazi kufa na kupona. Jumanne alilala butini mara mbili, mara ya kwanza kwa mwalimu aliyesema gari ni zuri ila linamkumbusha baba mkwe. Jumatano alimfukuzia mteja mpaka nje ya geti. Alhamisi alimpata kijana mmoja aliyelipenda kweli, akatoka kumpigia mchumba wake simu, akarudi macho chini na kuomba aonyeshwe la juu jeupe. Ijumaa hakuja mtu, akalipangusa gari mara tatu.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, aliingia mwanamke mfupi mwenye aproni, tepu ya kupimia mkononi na unga kwenye nyusi. Hakutazama rangi wala magurudumu. Alikwenda moja kwa moja kwenye milango ya nyuma ya magari ya juu, akafungua, akapima, akaguna. Futi Sita akamvizia pale konani akiwa mkao wa kula.

"Unabeba nini, binti?"

"Keki. Za harusi. Za ghorofa."

Futi Sita alitaka kumkumbatia. Akalaza viti, akatandika blanketi, akavua viatu, akajilaza. "Nimeenea?"

"Umeenea, baba," alisema fundi keki, akicheka.

"Basi na keki yako itaenea," alijibu Futi Sita, na akataka kuinuka. Mgongo ukakataa.

Haukuuma sana alipotulia. Ila kila alipojaribu kuunyanyua, ulimkaza kiunoni akabaki pale pale. Sasa mtu mwingine angesema nimekwama, nisaidieni. Futi Sita alikuwa na mteja wa kwanza wa maana kwa miezi kumi na moja, na saa zilikuwa zinakwenda, kwa hiyo alijitia bado anaonyesha gari.

"Hebu tazama dari hili," alisema, akilinyooshea kidole. "Kitambaa chake hakijashuka hata kidogo. Watu hawaangalii dari. Wewe angalia dari."

Fundi keki akaangalia dari. Akaonyeshwa taa ya ndani, kisha vishikio vinne vya mkono kimoja kimoja, kisha tena dari.

"Baba, naomba utoke nipime."

"Pima tu nikiwa humu. Ndiyo raha ya stesheni, nafasi ipo."

Akampima na yeye humo humo, tepu ikipita juu ya tumbo lake. Alipofika kwenye miguu akasimama. "Baba, umekwama?"

"Kidogo," alisema Futi Sita.

Bosi akaja mbio, na mwosha magari nyuma yake na ndoo. Wakataka kumwita daktari. Futi Sita akakataa katakata, akasema kama ni lazima aitwe mtu, basi aitwe mkewe, muuguzi mstaafu, ambaye angalau hatamcheka mbele ya watu. Katika hilo alikosea. Mama watoto alishuka kwenye teksi, akachungulia butini, akamwona amelala na mikono kifuani, akacheka mpaka akashika mlango.

Alipomaliza alikaa kwenye ukingo wa buti, akamkunja magoti taratibu na kuanza kumkanda kiuno.

"Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Baba watoto."

"Ya tatu," alisema Futi Sita. "Ila za mwanzo nilijitoa mwenyewe."

"Mwaka mzima nakuona unavaa soksi ukiwa umeegemea ukuta, unadhani sikuoni?" Alihamishia viganja upande wa pili. "Kwa kuwa leo huwezi kunikimbia, na mimi nina la kwangu. Gari letu la nyumbani linaniua magoti."

Futi Sita aligeuza shingo, sehemu pekee iliyokuwa inageuka. Gari lao la nyumbani lilikuwa stesheni, bila shaka.

"Miaka miwili sasa," aliendelea mkewe. "Kuingia naanguka kama gunia. Kutoka nashika mlango, nashika dari, naita jina la Mungu kimoyomoyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Mji mzima unakujua kwa stesheni. Mke wako ndiye awe wa kwanza kukuaibisha?"

Akili ya Futi Sita, ambayo kwa kawaida ilikuwa inapanga mizigo, ilianza kupanga mambo mengine. "Na kwa dada yako? Umeacha kwenda kwa dada yako tangu mwaka juzi. Mimi nilijua mmegombana, nikaona nisiingilie."

"Nigombane na dada yangu kwa lipi? Mlangoni kwake kuna mtaro, na baada ya mtaro kuna ukingo. Mara ya mwisho uliponiacha garini pale ukaenda kwa miguu kutafuta mafuta, nilitoka kitini kwa kuvutwa mikono na jirani zake wawili. Watu wazima, wananivuta. Niliona haya. Tangu siku ile akinipigia simu namwambia nina shughuli."

Hapo Futi Sita aliumia mahali ambapo mkono wa muuguzi haukuweza kufika. Aliona aibu, na aliona huruma, na alitamani angeweza kuinuka tu ili amtazame mkewe usoni vizuri.

"Hata mimi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Magoti. Unadhani kwa nini kila asubuhi nawahi kwenye gari kabla yako? Sikutaka unione ninavyojikokota kuingia."

Mama watoto alimtazama. Kisha wote wawili wakaangua kicheko, yeye akipiga ukingo wa buti kwa kiganja, mumewe akilia "usinichekeshe, usinichekeshe" kwa jinsi mgongo ulivyokuwa unamkata.

Kicheko kilipokwisha ndipo Futi Sita alipomwona fundi keki. Alikuwa amesimama pale pale na tepu yake, amesikia kila neno. Mke wa muuza stesheni amemwaga mtama wote mbele ya mteja. Futi Sita alifumba macho. Gari limekwisha, alijiambia, na aliyelimaliza ni nyumba yangu mwenyewe.

"Mtoeni," alisema mama watoto. "Kiuno kimelegea. Msimnyanyue, vuteni blanketi."

Bosi akashika pembe moja, mwosha magari nyingine, wakavuta. Futi Sita aliteleza kwenye sakafu ya buti kwa ukimya, amenyooka vile vile, miguu ikatangulia, nyayo zikagusa chini, mkewe akamsukuma mgongo, akawa amesimama.

"Subirini kwanza," alisema fundi keki. "Mmemnyanyua?"

"Wapi," alisema mwosha magari, akihema. "Tumemvuta tu."

"Ana kilo ngapi?"

"Tisini na kitu," alijibu mkewe, bila kuulizwa mara mbili.

Fundi keki aliinama akapima ukingo wa buti mpaka chini. Ulimfika gotini. Akaenda kwenye gari la juu lililokuwa karibu akapima na lenyewe. Likamfika kifuani.

"Keki yangu kubwa haifiki nusu ya uzito wake," alisema. "Kwenye haya ya juu inabidi niipandishe mpaka kidevuni, na hapo ndipo ghorofa ya juu inapoteleza. Mwezi jana nimefika harusini na keki ya ghorofa tatu, walikuwa wameagiza nne. Kama huyu baba katoka mzima bila kubonyea popote, keki itatoka. Nalichukua."

"Na magoti yako, mwanangu?" aliuliza mama watoto, kwa sababu alikuwa mtu wa haki. "Umenisikia."

"Yangu bado mapya, mama. Yakichakaa nitarudi hapa."

Saa sita na nusu karatasi zilikuwa zimesainiwa, na bosi amewapigia simu watu wa vipuri wageuze njia. Futi Sita aliishika simu yeye mwenyewe ili asikie wanavyolalamika. Stesheni ya kijani ilitoka getini polepole, fundi keki akichungulia juu ya usukani. Futi Sita alikuwa amejiandaa kulia siku hiyo. Alijipapasa moyoni akakuta hana huzuni. Alikuwa na haraka.

"Nenda kapumzike, baba mdogo," alisema bosi.

"Nipe funguo za lile jeupe. La majaribio."

Bosi alitoa macho. "Hilo la juu?"

"Hilo hilo. Na usiseme neno."

Akamfungulia mkewe mlango. Mama watoto aliweka kitako kwenye kiti, akageuza miguu, akawa ameshaingia. Hakushika dari. Alikaa akiangalia mbele, mkoba mapajani.

Futi Sita aliendesha kwa uangalifu, akilalamika kwamba buti ni la kuwekea kofia. Kwenye mzunguko hakupinda kuelekea nyumbani. Mkewe akamtazama, akaitazama njia, akaanza kuweka kilemba chake sawa. Wakafika kwenye nyumba yenye mtaro na ukingo. Futi Sita akaegesha pale pale mlangoni, akabaki ameushika usukani kwa mikono miwili. Mama watoto akafungua mlango, akanyoosha mguu, mguu ukaukuta ukingo wenyewe. Akasimama wima bila kushika kitu.

Dada yake alitoka ndani mbio, mikono inatiririka maji ya vyombo, uso umemwiva kwa hofu.

"Kuna nini? Semeni! Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, dada," alisema mama watoto. "Nimekuja tu."