Mama wa Shamba la Mfano

Kibao kilifika kabla ya mbegu. Mimi na mama tulikichimbia shimo kando ya barabara ya Kasenga, mbele kidogo ya nyumba za mwisho za Lubumbashi. Kilisema shamba letu ni la mfano, la mradi wa kugawa mbegu. Mama alikifuta vumbi kwa kitenge chake.

Agronomu, bwana shamba wa mradi, alikuwa kijana mpole wa rika langu. "Mama, usipande mbegu ya kwako apa," alimwambia. "Mbegu na mbolea biko mu njia. Ukichanganya, bakubwa batakataa."

Basi mama akateremsha mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya moshi wa jiko, akayapeleka kusagwa. Akiba ilikuwa imekwisha. Tulikula bukari, ugali wetu, tukashiba, na utamu wake bado unanitia hofu.

Kisha mvua ikaja, na udongo mwekundu ukalainika hadi jembe likazama lenyewe. Kila mtu akapanda. Sisi tulitazama matuta matupu. Mama alimpigia agronomu simu, akapiga tena.

"Iko mu njia, mama."

Jirani alipita na jembe begani. "Mama mufano! Unatufundisha kulima majani?"

Mwanzoni mama alicheka.

Mbegu zilifika wakati mahindi ya jirani yakitoa maua. Tulipanda hivyo hivyo. Yetu yalikuwa bado magotini, ya manjano, na mvua imeanza kuadimika, siku wageni wa mradi walipokuja kupiga picha.

Agronomu aliwahi kabla yao. Alitazama shamba letu, akatazama viatu vyake, kisha aling'oa kibao na kukisimika kwa jirani.

"Mama, simama paka apa, apa tu. Bakiona ile ya kwako, mwaka kesho hakuna muntu atapata mbegu."

Mama akasimama katikati ya mahindi yasiyo yake.

"Shika muzuri, mama mufano," jirani akasema, "lakini usivune!"

Watu wakacheka. Mama akashika hindi moja nene, akatabasamu kama alivyoombwa.

Magari yaliondoka, naye bado amelishika. Nilijaribu kumfungua vidole. Vilikuwa vigumu kama kuni. Jirani akaacha kucheka, akasogea, akasema polepole:

"Vuna tu iyo moya, mama."

Mama akaliachia. Shina likayumba, likatulia.

"Moya," akasema, "itatufikisha wapi?"