Mzee Niliyempima Bashay

Nina shahada ya uzamivu, na kazi yangu ni kutafiti jinsi virusi vinavyoharibu ubongo wa wazee. Juzi nilikwenda nyumba moja ya Bashay kumpima kumbukumbu baba mwenye nyumba. Nilimkuta mzee sebuleni, nikampa shikamoo, nikaanza kazi.

"Hapa una watoto wangapi?"

"Hapa sina mtoto."

"Na dada yule anayefua nje, anaitwa nani?"

"Simjui, mwanangu."

Moyo uliniuma, ingawa kichwani nilishaanza kuandika ripoti. Nikamfuata yule dada, nikamwambia kwa upole kwamba baba yake hamkumbuki tena.

Akanitazama. "Daktari, yule ni mgeni kutoka Basotu, amekuja kununua ng'ombe. Baba ndiye aliyekufungulia geti, ukamwambia akushikie mkoba."

Nikageuka. Alikuwa bado ameushika.