Umo, Kisha Kimya

Kaka yangu alitangaza mpira kwenye televisheni mpaka akaota mvi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupiga mayowe bao likifungwa. Alisema neno moja tu: "Umo." Kisha akanyamaza, akauacha uwanja ushangilie wenyewe. Watu wakamwita Bwana Umo, hata wale wasiojua jina lake la nyumbani.

Kimya kile hakukisomea chuoni. Mama yetu haoni tangu sisi tukiwa wadogo, na kwa kupenda mpira alimshinda baba. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja. Kaka alikuwa akimketisha Mama karibu na goli na kumsimulia kila pasi. Siku moja bao likaingia, kaka akaruka na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mama akamfinya sikio.

"We mtoto, umenifunikia uwanja mzima! Niambie umo, basi. Halafu funga mdomo, na mimi nisikie."

Somo lile halikumtoka, ingawa wakubwa wa kituo walihangaika kweli kulitoa. Kila mkurugenzi mpya alimwita ofisini: tia mbwembwe, bwana, watazamaji wanadhani mitambo imeharibika. Kaka alijibu, "Sawa, mkuu," akaenda kufanya vilevile. Nyumbani alicheka. "Wao wanataka niwatangazie wenye macho. Mimi mtazamaji wangu ni mmoja tu." Naye Mama kutoka kitini kwake: "Na leo umeongea mno."

Kaka moyo ulimsimama akipiga pasi shati la kazini. Na kituo kilekile kilichomsumbua akiwa hai ndicho sasa kikawa cha kwanza kulia. Unafiki mtupu! Wakaja nyumbani na kamera zao: kipindi maalumu cha kumkumbuka, moja kwa moja, na mwishoni Mama aseme machache. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba warushe tena lile bao la fainali, ambalo kaka alilinyamazia kuliko yote.

"Nataka nimsikie akinyamaza mara moja tena," alisema.

Mtayarishaji, jamaa aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akaapa. "Usiwe na wasiwasi, Mama."

Tukakaa sebuleni, nyaya zimetapakaa mpaka mlango wa jikoni. Kipindi kikaenda, bao likafika. Nikasikia sauti ya kaka: "Umo." Na papo hapo, juu ya kimya chake, wakapachika yowe la mtu mwingine, "Gooooli!" refu lisilo na mwisho, na tarumbeta kwa nyuma.

Mama akanishika mkono. "Nani huyo anayemkanyaga mwanangu?"

"Tumeongezea ladha kidogo tu, Mama," mtayarishaji akanong'ona. "Kimya hakina mvuto."

Hivi mtu anaibiwa hata kimya chake? Walishindwa kumpokonya akiwa hai, wakangoja azikwe! Nilikuwa nimeshasimama nimpe vidonge vyake hapohapo, lakini taa nyekundu ya kamera ikawaka, na mtangazaji aliyekuwa studio akauliza kwa sauti ya asali: "Mama, una lipi la kumwambia mwanao?"

Mama akajiweka sawa kitini.

"Umo, mwanangu," akasema. Akafunga mdomo.

Studio wakangoja. "Mama? Mama, unatusikia?" Mama kimya, mikono magotini. Mtayarishaji akaanza kumpungia, mpumbavu yule, mikono yote miwili, ongea, ongea, akapunga mpaka miwani ikamdondoka.

"Haoni," nikamwambia.

Kupitia dirisha letu, kila aliyekuwa mbele ya televisheni aliwasikia watoto wakicheza kwenye kiwanja cha nyuma, wakigombania kama ule ulikuwa mkono au si mkono. Mama aligeuza sikio upande ule na kutulia.

Mwishowe studio wakakata. "Watazamaji wetu, tunaomba radhi. Kumetokea hitilafu ya mitambo."

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

"Ndivyo walivyokuwa wakimwambia na yeye."