Kisu Nilichosema Kinalia

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniachia pumzi na mikono miwili mpaka leo nikaweza kukuandikia haya. Rehema zake ni nyingi kuliko makosa yangu, na makosa yangu si machache.

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo huikumbuka kila ninaposhika msumari. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, huku kwetu Busi, nikijifunza kufua visu kwa Mzee Swalehe. Mwaka wa kwanza kazi yangu ilikuwa kuvukuta moto na kukata springi za malori tulizozifua kuwa visu. Mwaka wa pili akanipa nyundo. Visu vyangu vya mwanzo vilikuwa vizito kama majembe, vingine vimepinda, na vitatu vilipasuka nilipovizamisha vikiwa vya moto kwenye oili. Vijana wenzangu wakipita kibandani waliniuliza, "Fundi wa vipande, leo umetutengenezea sindano ngapi?" Nilicheka nao, lakini niliumia.

Mzee Swalehe alikuwa karibu kiziwi kabisa. Nyundo ilikuwa imemla masikio. Naye alikuwa na desturi yake. Kisu kikishapoa, kabla ya kutiwa mpini, hukining'iniza kwa uzi na kukigonga kwa msumari. Kilicho kizima hulia, na sauti hukaa kidogo hewani. Chenye ufa hutoa sauti fupi, kama umegonga gogo lililooza. Kwa kuwa yeye hakusikia, mimi ndiye niliyegonga, yeye akinitazama mdomo.

"Kinaliaje?"

Nikijibu kinalia, hukichapa alama yake, mikato mitatu karibu na pa kutia mpini. Nikisema hakilii, hukitupa kwenye vyuma chakavu, hata kama tumeshinda nacho kutwa.

Asubuhi hiyo kilikuwa kisu kikubwa cha kuchinjia, cha Maalim Hamisi, aliyefundisha watoto Kurani na kuchinja ng'ombe wa Idi. Kilikuwa kisu cha kwanza nilichofua peke yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Idi ilikuwa kesho yake. Nilikigonga, kikatoa sauti fupi. Nikagonga tena. Vilevile.

"Kinaliaje?"

"Kinalia, Mzee. Kinalia vizuri sana."

Akatabasamu, akachapa alama yake, kisha akanipa mkono. Hakuwahi kunipa mkono kabla ya siku ile.

Kesho yake, mbele ya watu wote, kisu kilikatika shingoni mwa ng'ombe. Mnyama akajirusha na jeraha lake nusu, mkono wa Maalim ukateleza na kushukia kwenye kipande kilichobaki kwenye mpini. Kililetwa kisu kingine, ng'ombe akamaliziwa, lakini alikuwa ameshateseka, na watoto wameona. Maalim alishonwa Kondoa mjini. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena. Ndio mkono aliowaandikia watoto kwenye mbao zao.

Watu walisema Mzee Swalehe amezeeka, aache kazi. Alama ilikuwa yake. Mimi nilinyamaza.

Mzee aliviomba vile vipande, akavitazama pale vilipoachana. Nusu ya unene ilikuwa nyeupe. Nusu ilikuwa nyeusi, imeingiwa na oili. Maana yake ufa ulikuwepo tangu kibandani kwetu.

"Siku ile kilikuwa kinaliaje?"

"Kilikuwa kinalia," nikasema, nikiangalia moto.

Hakunigombeza. Ila tangu siku hiyo hakunipa tena msumari. Kisu kikipoa alitoka hadi njiani na kumwita yeyote apitaye, mama mwenye mzigo wa kuni au mchunga mbuzi. "Hebu nisikilizie hiki." Nami nimesimama pale na masikio yangu mawili mazima. Ilikuwa hivyo miezi minne, mpaka nikashindwa kuswali kwa aibu ya kusimama mbele ya Mola wangu. Nikamweleza Mzee ukweli.

"Chuma kilishaniambia," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe. Sasa nenda kwa mwenye mkono."

Nilimkuta Maalim akijizoeza kuandika kwa kushoto. Alinisikiliza hadi mwisho. "Namwomba Mungu anipe moyo wa kukusamehe," akasema. "Leo bado hajanipa." Kwa miaka sita aliitikia salamu zangu kila tulipokutana, kisha akafariki. Neno la msamaha sikulisikia, mwanangu. Mzigo huo nimeubeba mpaka uzeeni.

Nilirudi kibandani, nikafua, nikaharibu, nikafua tena. Polepole nilijua kuutazama moto, nisichome chuma kupita kiasi, na kukirudisha kwenye joto dogo mpaka kipate rangi ya bua kavu la mtama. Mikono ilijifunza yenyewe, kwa kurudia. Ulimi ndio uliochelewa.

Sasa masikio yangu nayo yamekwisha. Anayenigongea ni Zuhura, mama wa watoto wawili anayejifunza kwangu. Wiki iliyopita alileta kisu alichohangaika nacho siku tatu. Nikamtazama mdomo. Akagonga mara mbili, machozi yakamlengalenga.

"Hakilii, Babu."

Nikakitupa kwenye chakavu, nikamwambia aongeze mkaa.

Mwanangu, uwe unajifunza visu au kazi nyingine yoyote, haribu bila kuona haya. Kuharibu ndiko kujifunza, na mkono unaorudia hufika. Lakini ukiulizwa kazi yako ikoje, sema ilivyo, siku hiyohiyo, kabla haijafika mkononi mwa mtu. Nami nilikiri, lakini mkono wa Maalim haukurudi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Maalim Hamisi, amrehemu Mzee Swalehe. Na wewe unayesoma, akubarikie kazi ya mikono yako, akupe ulimi usioogopa ukweli, na akuepushe na mzigo niliobeba mimi. Amina.